Ushindi wa Senti: Mafunzo Niliyopata Kwenye Meza Ndogo za Poka

Mchana napiga hesabu za depo moja hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, komini ya Kimemi: saruji, mafuta ya kula, vitenge na bidhaa nyingine zilizopitia mpaka wa Kasindi. Usiku, umeme ukiwepo na mtandao ukikubali, nacheza poka kwenye simu. Ni Texas Hold'em ya watu sita, meza za chini kabisa, ambako dau la lazima dogo ni senti moja ya dola na kubwa ni senti mbili. Nimekaa humo miaka kadhaa na faida ninayo, ingawa ukitajiwa kiasi chake utacheka.

Vijana wa mtaani wanaobeti mpira wakisikia neno faida, wote huja na swali moja: "Yaya, mtu akishinda ngapi ndiyo tuseme anajua?" Swali lina jibu. Ila jibu lenyewe halitoki kwa namba moja, na wengi huondoka kabla sijamaliza. Nimeliandika hapa kwa watakaovumilia.

1. Hesabu kwa blaindi kwanza, dola baadaye

Mtu akisema "mwezi huu nimeingiza dola 12", amenipa nusu ya habari. Sijui alicheza meza gani wala aligawiwa karata mara ngapi. Wachezaji makini huchukua lile dau kubwa la lazima, blaindi kubwa, wakalifanya kipimo, kisha wanauliza: kwa kila migawo 100, huyu hubaki na blaindi ngapi? Blaindi 5 kwenye meza ya senti mbili ni senti kumi. Kwenye meza ya dola mbili ni dola kumi.

Sasa namba zenyewe, kwa meza za watu sita, baada ya makato yote. Anayebaki na blaindi 1 hadi 3 kwa migawo 100 anajua kujilinda. Anayebaki na 4 hadi 7 ni mchezaji mzuri. Kupita 10 kwa muda mrefu kunawezekana kwenye meza za senti, na wanaofika huko ni wachache. Anayekutajia 30, muulize ameanza lini.

Ukitaka kulinganisha, mwaka 2019 Noam Brown na Tuomas Sandholm, watafiti wa akili ya kompyuta, walitangaza programu yao, Pluribus, iliyokaa meza ya watu sita na wataalamu wanaoishi kwa mchezo huu. Kiwango chake cha ushindi kilikadiriwa kuwa karibu blaindi 5 kwa migawo 100, na dunia nzima ikapiga makofi. Ni kweli kwamba ilikaa na mabingwa, nasi tunakaa na watu wanaocheza huku wanaangalia mpira. Hata hivyo namba hiyo inasaidia kumtuliza kijana anayedhani 5 ni kidogo.

2. Migawo elfu kumi ni michache

Hapa ndipo ninapopoteza wasikilizaji. Karata zinayumba, na zinayumba kuliko mtu anavyoweza kuhisi akiwa amekaa mezani. Kwenye mchezo wa watu sita usio na kikomo cha dau, matokeo ya migawo 100 huyumba kwa takriban blaindi 80 hadi 100 kuzunguka wastani wa mchezaji. Wanahisabati hukiita kipimo hicho mkengeuko sanifu. Tuchukue 90. Mtu ambaye uwezo wake wa kweli ni blaindi 5, mchezaji mzuri kabisa, anaweza kupoteza blaindi 85 katika migawo 100 na kusiwe na jambo lolote la ajabu lililotokea.

Migawo ikiongezeka, wastani unatulia, lakini polepole: ukitaka kuyumba kupungue kwa nusu, unahitaji migawo mara nne. Baada ya migawo 10,000, wastani unaouona bado unaweza kuwa mbali na ukweli kwa blaindi 18, yaani mara mbili ya mkengeuko wake, juu au chini. Baada ya 100,000, kama 6. Kwa hiyo mtu anayenionyesha ushindi wa blaindi 10 baada ya migawo 10,000 anaweza kuwa fundi wa blaindi 28, au ni mtu anayepoteza 8 kila mia na bado habari haijamfikia.

Nilikaa na kikokotoo nikaipiga hesabu kwa upande wa pili. Mchezaji wa kweli wa blaindi 5 akicheza migawo 10,000 ana nafasi ya karibu 3 katika 10 ya kumaliza na hasara. Anayepoteza blaindi 3 kwa mia, naye akicheza 10,000, ana nafasi zaidi ya moja katika tatu ya kumaliza na faida. Huyu wa pili ndiye atakayewanunulia wenzake bia na kuwafundisha mchezo. Nawajua wawili watatu wa namna hiyo, na kwa maneno ni walimu wazuri sana.

Mfanyabiashara wa hapa analijua jambo hili bila kikokotoo. Gari moja la viazi likishuka kutoka Masereka siku ambayo soko la Butembo liko tupu, litauzwa kwa bei ambayo watu wataizungumza wiki nzima. Hakuna mwenye akili anayejenga ghala kwa gari hilo. Anangoja mvua ipite juu ya barabara, magari mengine yashuke, mengine yakwame, viazi vingine vioze, ndipo aseme kama biashara inalipa au hailipi.

Kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 2015, huko Pittsburgh, Marekani, Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kiliikalisha programu yake iliyoitwa Claudico na wataalamu wanne, mmoja mmoja, akiwemo Doug Polk. Walicheza migawo 80,000. Wanadamu waliongoza kwa chipu 732,713 na blaindi kubwa ilikuwa chipu 100, yaani zaidi kidogo ya blaindi 9 kwa kila migawo 100. Watafiti wakasema kitakwimu ni sare. Wapo waliowacheka, wakasema wameshindwa na hawataki kukubali. Miaka miwili baadaye chuo kilekile kikarudi na programu nyingine, Libratus, ikacheza migawo 120,000 na wataalamu wanne, ikaondoka na blaindi 14.7 kwa kila mia. Hapo neno sare halikusikika tena. Ikiwa blaindi 9 katika migawo 80,000 inaweza kubishaniwa na wasomi, ushindi wako wa wiki mbili utaje kwa sauti ya chini.

Na hiyo migawo 100,000 inachukua muda gani? Meza moja ya intaneti hugawa karata mara 70 hivi kwa saa, kwa hiyo ni zaidi ya saa 1,400. Ukicheza saa nne kila usiku, ni karibu mwaka mzima, bila kutoa usiku wa giza na usiku wa mtandao mbovu. Kwa simu unaweza kufungua meza mbili, lakini mimi kwenye meza ya pili nimeona akili inabaki kwenye ya kwanza.

3. Nyumba hula kwanza

Poka si kama kubeti mpira, ambako unapigana na kampuni. Mezani unachukua pesa ya mwenzako. Lakini mwenye meza anakata sehemu ya karibu kila dau linalokusanyika katikati, na kwenye meza za senti mkato huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Dau likifika dola moja na nyumba ikachukua asilimia 5, ni senti tano. Senti tano si kitu, utasema. Kwa meza ya senti mbili, hizo ni blaindi mbili na nusu zimeondoka katika mgawo mmoja, na tumekwisha kuona kwamba mtu mzuri hubaki na blaindi 5 katika migawo mia nzima.

Meza kubwa zina nafuu kwa sababu makato huwekewa kikomo. Dau la dola mia likikatwa dola tatu, ni asilimia 3 tu. Maskini kwenye meza ya senti hafiki kwenye kikomo, kwa hiyo analipa asilimia kamili karibu kila mara. Sioni haki hapo, ila ndiyo bei ya kuingia.

Wakalishe ndugu sita wenye uwezo sawasawa kwenye meza hiyo, wacheze mwaka mzima. Kwa wastani wote sita watakuwa na hasara. Kwa hiyo kubaki na sifuri baada ya makato, kutopata na kutopoteza, tayari ni dalili kwamba unawazidi uliokaa nao. Kiwango cha sifuri nakiheshimu kuliko watu wanavyodhani.

Baadhi ya mawakala, wale tunaowapitia kuingiza na kutoa pesa, hurudisha sehemu ya makato mwisho wa wiki. Ingiza marejesho hayo kwenye hesabu, lakini kwenye mstari wake peke yake. Kuna wachezaji ambao karata zao ni hasara na marejesho ndiyo faida yao yote, nao hawajui mpaka siku wakala anapobadilisha masharti.

Kwa wanaobeti mpira hesabu hii ni mbaya zaidi. Tuseme kampuni imejiwekea asilimia 5 katika kila mechi. Ukiunga mechi kumi kwenye tiketi moja, ile asilimia 5 inajizidisha mara kumi, na tiketi uliyoinunua faranga elfu moja ina thamani ya kama faranga 600 kabla mpira haujapigwa. Vijana wananionyesha tiketi ya mechi kumi na mbili iliyovunjwa na mechi moja, wakilaumu kipa. Kipa wa watu hana hatia.

4. Andika kila kikao, hasa kile kibaya

Kwenye kaye yangu, yaani daftari, kuna safu tano: tarehe, meza, idadi ya migawo, salio la kuanza, salio la kumaliza. Basi. Sina safu ya "bahati mbaya". Akili ya mchezaji ina daftari lake la siri, na ndani yake mmeandikwa mara zote ree mbili zilipovunjwa na wafalme wawili. Katika karata, ree mbili zikikutana na wafalme wawili na pesa yote ikiwekwa kabla ya karata za katikati kufunguliwa, ree hushinda kama mara 82 kati ya 100. Zile 18 zimo ndani ya mchezo, hakuna aliyekuibia. Asiyeandika hukumbuka zile 18 tu, kisha kiwango chake cha ushindi anakitunga kichwani.

5. Uzito uko kwa aliyekaa mbele yako

Blaindi hazitoki kwenye karata. Zinatoka kwenye makosa ya wengine: yule anayefuata kila dau ili aone tu ulikuwa na nini, yule aliyekasirika anayepandisha mara tatu mfululizo, yule aliyepokea mshahara jana. Jumamosi jioni meza za senti hujaa watu kama hao. Jumatatu alfajiri utakuta watu watano wanaotupa karata na kungoja, kama wewe, na mwenye meza ndiye anayeondoka na faida.

Ndiyo maana namba bila meza haisemi kitu. Mtu mwenye blaindi 8 kwenye meza ya senti mbili, akihamia ya senti kumi anaweza kubaki na 3, au akaanza kupoteza, na uwezo wake haujapungua hata kidogo. Amekutana na watu wengine. Nimeona wenye akili wakihama kwa sababu ya fahari: wanaona aibu kutaja senti. Upande wa Uganda, ng'ambo ya Mpondwe, kuna wazee wa karata za matatu ambao hawajawahi kusikia neno poka, lakini kila anayekuja wanamtazama kwanza mikono na macho, kisha ndipo wanaamua kama wataweka pesa. Wale wangefanya vizuri mezani kwetu.

6. Kiwango kizuri kinaweza kuwa mshahara mbovu

Tufanye hesabu ambayo watu hawapendi. Wewe ni mchezaji mzuri, blaindi 5 kwa migawo 100, na umelithibitisha kwa mwaka. Meza ya senti mbili: senti kumi kwa kila migawo 100. Migawo 70 kwa saa: senti saba kwa saa. Saa nne kila usiku: senti 28. Mwezi wa siku thelathini bila kupumzika: dola 8 na senti 40. Toa mega za intaneti. Toa chaji ya simu pale kwa kijana wa jenereta siku umeme haupo. Toa kamisheni ya wakala na gharama ya kutoa pesa kwa M-Pesa au Airtel Money. Kilichobaki hakinunui kiatu cha mtoto wa shule, na wewe ni mmoja wa wachache wanaoshinda.

Panda meza ya senti kumi ukiwa na blaindi hizohizo 5, ambalo si jambo la kutegemea: senti 35 kwa saa. Anayebeba mizigo sokoni anaweza kukucheka, naye ana haki.

Nawaambia wanaoniuliza kwamba kuna maswali mawili hapa, na kila moja lina jibu lake. La kwanza: je, nacheza vizuri? Hapo blaindi ndizo zinazosema. La pili: je, inanifaa kitu? Hapo zinasema dola kwa saa, baada ya gharama zote. Mtu anaweza kupata ndiyo kubwa kwa swali la kwanza na hapana kubwa kwa la pili. Mimi niko hapo, na sijisikii vibaya. Nalipia burudani kidogo kuliko wanaokaa baa, na akili inafanya kazi.

7. Pesa iliyo ndani ya programu bado haijafika Butembo

Uchaguzi wa rais ulifanyika nchini tarehe 30 Desemba 2018. Sisi wa Beni na Butembo hatukupiga kura siku hiyo: tuliambiwa tungoje hadi Machi 2019 kwa sababu ya Ebola na usalama. Lakini intaneti ilipokatwa nchi nzima kesho yake, hatukusahauliwa. Ilirudi baada ya karibu wiki tatu, Januari 2019 ikiwa inaelekea mwisho. Waliokuwa na salio kwenye michezo ya intaneti, wa poka na wa mpira, hawakuweza hata kulitazama. Tangu wakati ule salio la kwenye simu naliandika kwa penseli. Kwa wino naandika kilichoingia mkononi.

Na wenzetu wa nchi tajiri waliyaona yao. Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia tovuti kubwa za poka, na wateja wa Marekani wa Full Tilt, mojawapo ya tovuti hizo, walikaa hadi 2014 ndipo malipo yakaanza kurudi. Wengine walikuwa washindi wenye viwango vya kuonewa wivu, na katika miaka hiyo mitatu walikuwa na namba tu.

Kwetu hatua ya mwisho ina vikwazo vyake. Wakala akiwa Kampala analipa kwa shilingi, nawe unataka dola, kwa hiyo kuna anayebadilisha katikati na anakula. Dola yenyewe ikifika na mchaniko mdogo pembeni, hakuna duka hapa litakaloipokea kwa thamani yake. Mwanzoni mwa 2025 Goma ilipochukuliwa na waasi wa M23, benki za kule zilifunga, na watu wa huku wenye akaunti kule wakabaki na karatasi. Kiwango cha ushindi kinachoishia kwenye kioo cha simu, mimi mhasibu siwezi kukipitisha.

8. Mtaji wa karata usitoke kwenye sanduku la watu

Mchezaji mzuri wa blaindi 5 anaweza kupita kipindi kirefu cha hasara, blaindi mia kadhaa mfululizo, bila kufanya kosa. Kwa hiyo awe na akiba ya kutosha kununua nafasi mezani mara nyingi. Kwenye meza ya senti mbili, ambako watu hukaa na dola mbili, mimi huona dola 60 ndizo zinazompa mtu usingizi. Ziwe dola ambazo zikipotea zote nyumbani hawatajua. Pesa ya MUSO (chama cha akiba), pesa ya minerval (karo ya shule), pesa ya mzigo wa mtu uliokuja kuuza: hizo zikiingia mezani, hesabu yote niliyoandika hapo juu haifanyi kazi, kwa sababu hutaruhusiwa kungoja migawo 100,000. Mwenye pesa atabisha hodi mapema.

Mtoto wa dada yangu, mwanafunzi hapa mjini, ameshinda kwa miezi miwili na ananionyesha blaindi 14 kwa mia. "Mjomba, niko nashinda kabisa. Niache masomo kwanza, nicheze mwaka mmoja?" Nimetazama kaye yake: ni safi, ameandika hata siku mbaya, na migawo haijafika 9,000. Jibu langu ni hapana. Aendelee na chuo, acheze Jumamosi, aniletee kaye hiyohiyo ikifika laki moja.